Maji ya Zambarau ya Tata Monicah

Ngendo alijua vyoo vyote vilivyo kati ya Gatitu na soko la Karatina kama mtu mwingine anavyojua nyumba za jamaa zake. Alikijua cha kituo cha mafuta ambacho ufunguo wake hukaa kwa mwuza vocha, na cha hoteli ya chapati ambacho mlango wake lazima uushike kwa mguu ukiwa ndani. Sokoni kwenyewe kulikuwa na choo cha kulipia upande wa juu, karibu na wauza viazi, na mama anayekifagia alikuwa akimwita kwa jina. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne. Aliwahi kuwa mwalimu wa darasa la pili. Aliacha kazi hiyo huku akiipenda, kwa sababu watoto arobaini hawawezi kuachwa peke yao mara tisa kwa siku.

Daktari mjini Nyeri aliuona ugonjwa wenyewe kwa kamera. Vidonda vilikuwa vimetapakaa kwenye utumbo mpana, na ukuta wa utumbo ulikuwa umevimba, mwekundu kama ufizi wa mtoto anayeota meno. Alimgeuzia skrini aone. "Huu hauponi," alimwambia, "lakini unalala. Kazi ya tembe hizi ni kuulaza. Ukiziacha, unaamka." Ngendo alitoka na mfuko wa tembe na maneno hayo, na mtu wa kumpelekea hakuwa na mwingine ila Tata Monicah.

Tata Monicah alikuwa dada ya babake, mjane mfupi mwenye sauti ya kwaya na shamba dogo la majani chai juu huko Othaya. Mama yake Ngendo alikufa Ngendo akiwa na miaka sita, na Gatimu, babake, akafuata miaka minne baadaye. Gatimu alifia wodini, mfuko wake wa tembe ukiwa haujafika nusu, na Tata hakuwahi kuzisamehe tembe za hospitali. Yeye ndiye aliyemlea Ngendo, akamsomesha hadi chuo kwa majani aliyochuma kwa vidole vyake mwenyewe. Hakuwahi kumkumbusha hata mara moja. Angemkumbusha, pengine Ngendo angepata nafasi ya kununa na kupumua.

Katika shamba hilo, mistari minne ya mwisho ilikuwa ya chai ya zambarau, ile ambayo majani yake machanga yana rangi ya bilinganya. Tata aliipanda baada ya mkutano mmoja wa wakulima, ambapo afisa wa kilimo alieleza kwamba rangi ile ndiyo yenye antioksidanti, vitu vinavyoulinda mwili usiharibiwe na uvimbe wa ndani kwa ndani. Mengine aliyoyasema Tata aliyasahau. Neno lile alilibeba hadi nyumbani, akawa analitamka polepole, silabi kwa silabi, kama jina la mkwe mpya.

Ngendo alipougua na kurudi kukaa kwake, Tata alianza kutengeneza dawa. Alichuma majani mawili na kichipukizi, akayaanika kivulini hadi yalegee, akayatwanga, kisha akayaloweka kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka. Alipoyachuja kwa kitambaa na kukamulia ndimu, maji yaligeuka kutoka zambarau hadi waridi mbele ya macho, na kila mara yalipogeuka Tata alisema, "Umeona? Iko hai." Kisha akayapika taratibu yapungue, akatia asali. Hayo ndiyo maji ya zambarau. Yalikuwa machungu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja.

"Sasa zile tembe utupe," Tata alisema. "Tumbo haiwezi kutumikia mabwana wawili."

Ngendo aliyaangalia yale mawingu ya mvuke juu ya sufuria. Angeweza kusema hapana. Badala yake alisema, "Nishatupa, Tata."

Hakuwa amezitupa. Alizificha ndani ya pakiti ya sodo, mahali ambapo hata Tata asingepekua, na kila asubuhi na jioni alimeza tembe kwanza, halafu vijiko viwili vya maji ya zambarau. Baada ya miezi minne damu ilikoma. Akaongeza uzito. Akalala usiku kucha.

Kanisani kwao aliyetendewa jambo husimama akashuhudia, na ushuhuda wa nusu haujulikani. Jumapili moja Tata alisimama kabla ya mahubiri, akanyoosha kitambaa cha kichwa. "Bwana asifiwe! Huyu mtoto mnamjua. Mlimwona akiwa kama mti wa maharagwe. Mwari wa Gatimu, binti ya ndugu yangu, simama watu waone."

Ngendo, ambaye hata kusoma matangazo ya vijana kulimtoa jasho, alisimama. Mchungaji Wamae alimsogezea kipaza sauti. "Dada yetu, tuambie. Ni nini imekuponya?"

Alikuwa ameiandaa sentensi moja nzuri, yenye tembe na yenye maji. Lakini watu walikuwa wameshainuka nusu kwenye viti, wimbo uko mdomoni, na mkono wa Tata ulikuwa mgongoni mwake, mkono uleule uliomshika siku ya kumzika babake.

"Ni Mungu," alisema. "Na maji ya zambarau ya Tata."

Wimbo ukaporomoka juu yake. Mtu fulani alikuwa amerekodi kwa simu, na kabla ya Jumatano kipande hicho kilikuwa kwenye makundi ya akina mama ya WhatsApp kutoka Othaya hadi upande wa pili wa mlima.

Hakujua siku hiyo jinsi mlango wa kurudi nyuma ulivyofungwa. Alikuja kujua baadaye. Mtu akiugua tena baada ya kushuhudia, watu hawaulizi ugonjwa umerudije. Wanauliza yeye amefanya nini. Watu wakaanza kuyanunua maji yale kwa chupa; walipokuwa wengi, Tata alikodi meza sokoni Karatina, na kwa kuwa kila mteja alitaka kumwona "yule mwalimu aliyepona", Ngendo akawekwa nyuma ya meza hiyo kila siku ya soko. Ugonjwa ulipoanza kuamka tena kidogo kidogo mwezi wa tatu, alimwomba daktari amwongezee tembe, akajifunza kwenda chooni akiwa anatabasamu.

Ndipo alipokuja Kajuju, siku ya Jumanne.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, wa kwao Chogoria, aliyefanya kazi katika duka la dawa za mifugo hapo hapo Karatina. Ngendo alimtambua kabla hajafika mezani. Hakumjua kwa sura. Aliujua ule mwendo wa hatua fupi, mkono mmoja chini ya kitovu, na macho yanayotafuta mlango.

"Mwalimu Ngendo ni wewe?" Kajuju alishika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Nimesikiza ile ushuhuda yako mpaka simu imechoka. Niko na ugonjwa kama yako. Hiyo hiyo ya kamera. Hii itakuwa chupa yangu ya pili." Kisha uso wake ukabadilika. "Mwalimu, choo iko wapi?"

Ngendo alimpeleka mbio. Akasimama nje ya mlango wa bati, mgongo kwa foleni.

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Usiende."

"Siendi. Kajuju, damu iko?"

"Iko kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo ya kuogopesha."

Ngendo aliegemea ukuta. "Na tembe za hospitali? Unameza?"

"Nilimwaga!" Sauti ya nyuma ya bati ilikuwa na fahari. "Wiki tatu sasa. Daktari aliniambia ati ni za maisha yote, nikalia. Halafu nikasikia wewe. Nikasema huyu ni mtu ameumwa kama mimi, huyu hawezi kunidanganya."

Mwanamke mnene aliyekuwa wa tatu kwenye foleni alipaza sauti. "Nyinyi wawili, hii ni choo ama ni ushirika wa akina mama? Sisi wengine tumebanwa!" Watu wakacheka.

"Mwalimu," Kajuju alisema kwa sauti ya chini, "hata wewe ilianza hivi, si ndio? Inatoka yote kwanza, halafu inaisha?"

Maneno yalikuwa pale, mepesi kabisa: mimi bado ninameza, rudi hospitali leo. Lakini mama anayekifagia choo alikuwa amesimama na ndoo yake akisikiliza, na dada yake mama huyo aliimba kwaya moja na Tata. Kutoka hapo hadi mezani palikuwa na hatua mia moja. Habari ingefika kabla yake.

"Mara nyingine," Ngendo alisema, "huanza hivyo."

Kajuju alitoka, akanawa, akamshukuru. Akaondoka na chupa.

Jumatano Ngendo alipanda shambani kumsaidia Tata kuchuma. Ukungu ulikuwa haujainuka, na majani ya zambarau yalikuwa yamelowa kiasi cha kuonekana meusi. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala. Alisoma kwenye simu kila alichoweza kukielewa kuhusu dawa zinazokamuliwa kwenye mimea na ugonjwa wake. Majaribio mengi yalikuwa ya panya. Ya watu yalikuwa machache, na katika yale aliyoyaona, watu walipewa dawa za mimea pamoja na tembe zao, si badala ya tembe. Hakuona mahali popote palipoandikwa kwamba mtu amwage tembe chooni.

"Tata," alianza, "kuna kitu nataka kusema."

"Sema ukichuma. Mdomo haichumi."

"Kuhusu yule msichana wa jana..."

Simu ya Tata ililia ndani ya gambuti, alikozoea kuiweka isilowe. Alikuwa Kajuju. Tata alimsikiliza, akitikisa kichwa. "Joto? Joto ni vizuri, mwili inapigana. Ongeza iwe vijiko vitatu. Hapana, nne. Mwalimu wako ako hapa, anakusalimia." Akakata. "Wasichana wa siku hizi wanaogopa. Si kama wewe. Ulikuwa unasema nini?"

Ngendo aliangalia vidole vya Tata, vyeusi kwenye kucha kwa utomvu usiotoka. "Nilisema anywe pia maji ya kawaida."

"Ee, hiyo ni kweli." Tata alitupa konzi ya majani kikapuni. "Mchungaji Wamae anataka usimame tena. Mkutano mkubwa wa akina mama, Nyeri mzima. Nimemwambia utakuja na ile sketi ya bluu."

Kikapu cha Ngendo kilikuwa kimejaa nusu. Alichuma hadi kikajaa, akihisi kamba ya kikapu ikimkata paji la uso. Alijiambia atampigia Kajuju jioni. Jioni alipiga, simu ilikuwa imezimwa. Alhamisi Kajuju hakuonekana sokoni. Ijumaa Ngendo alikwenda hadi dukani kwake, akaambiwa ameomba ruhusa, ni mgonjwa, hapana, hawajui anakoishi. Alitoka nje akashukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Jumamosi soko lilikuwa limefurika. Tata alikuwa ameivaa aproni yake nyeupe, akiwaeleza wanawake sita kwa wakati mmoja. "Iko na antioksidanti. Muulize mwari wa Gatimu, huyu hapa, mnene kama mimi."

"Aah, mnene wapi," mmoja alisema. "Huyu angepepetwa angeruka."

Walikuwa wakicheka hivyo Kajuju alipotokea. Alikuwa ameshikilia ubavu wa mkokoteni wa kabichi uliokuwa ukipita, akitembea nao kama mzee anavyotembea na fimbo. Midomo yake ilikuwa mikavu, nyeupe. Alipofika mezani aliachilia mkokoteni na kuanza kuchuchumaa. Ngendo alizunguka meza, akamshika. Alikuwa wa moto kupitia sweta mbili.

"Nimekunywa nne," Kajuju alisema. "Nne, mara tatu kwa siku. Haiishi, Mwalimu."

"Ni uchafu inatoka," Tata aliwaambia wanawake, kwa sauti ya kuwatuliza, na huenda ya kujituliza. "Dawa ikishika, uchafu lazima itoke. Sivyo, mwari wa Gatimu? Waambie."

Wote wakamwangalia. Ilikuwa kama kanisani tena, macho yaleyale yanayosubiri wimbo. Ngendo alifungua mkoba wake. Akatoa pakiti ya sodo, mchana, katikati ya soko, na mwanamke mmoja akasema "Ai!" na kugeuza uso. Ngendo aliingiza vidole ndani akatoa karatasi ya tembe, nusu yake imeshatobolewa.

"Hiyo ni nini?" Tata aliuliza.

"Ni zangu, Tata. Nimemeza leo asubuhi. Nilimeza jana. Sijaacha hata siku moja."

"Siku ya ushuhuda?"

"Nilimeza kabla tutoke nyumbani."

Mwanamke aliyekuwa na chupa mkononi aliirudisha mezani taratibu, kama anayerudisha yai kwenye kiota. Mwingine alisema, "Na mimi nimemaliza tatu hizo!" Mwingine akacheka, akajuta, akanyamaza. Ngendo hakuwaangalia. Alikuwa amepiga magoti, tembe mkononi, mbele ya Kajuju.

"Lakini ulisema," Kajuju alisema.

"Nilisema."

"Hata kwa mlango wa choo. Ulisema huanza hivyo."

"Nilikudanganya, Kajuju. Haianzi hivyo. Hivi ndivyo inaharibika."

Kajuju hakulia. Alimwangalia tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu, na hilo lilimwingia Ngendo kuliko tusi lolote. Kisha Ngendo akasikia aproni ya Tata ikisugua meza.

"Wewe unapiga magoti hapo ukingoja nini?" Tata alimwambia. Sauti yake haikuwa na kwaya hata kidogo. "Shika huyo mtoto upande huo. Wewe wa mkokoteni! Mwaga hizo kabichi."

"Mama, hizi kabichi ni za watu..."

"Nimesema mwaga!"

Kwa hiyo Kajuju alifika hospitalini juu ya mkokoteni, amelalia gunia na sweta ya Ngendo, huku Tata akitembea mbele akifukuza watu njiani. Meza waliiacha wazi na chupa zote juu yake. Walimpokea, wakamwekea maji ya mshipa, wakamchukua damu. Daktari kijana alimuuliza Ngendo maswali, na Ngendo alijibu yote, hata lile la vijiko vinne. Daktari aliandika bila kuinua kichwa. Alisema hali ni mbaya lakini wamemfikisha kwa wakati, na kwamba siku mbili tatu zijazo ndizo zitakazosema.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Upande wa pili mzee mmoja alikuwa akimenya chungwa kwa ukucha. Ngendo alingoja kugombezwa, akaona angefurahi kugombezwa.

"Mwari wa Gatimu."

"Ee, Tata."

"Nikuulize kitu, na usinibembeleze."

"Niulize."

"Ilikusaidia? Hata kidogo?"

Ngendo alifikiri kuhusu ile miezi minne. Alikumbuka asubuhi ya kwanza aliyoamka bila maumivu, uchungu wa maji ya zambarau bado ulimini. Huenda tembe zilifanya yote. Huenda maji yaliongeza kitu. Huenda ni asali, au kuketi jikoni kwa Tata, kupewa kijiko mkononi kama mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kuvitenganisha. Alitamani sana kusema ndiyo. Alikuwa amesema ndiyo nyingi.

"Sijui, Tata."

"Hujui."

"Nilitumia zote mbili. Labda ilisaidia, labda hapana. Kutoka kwa mwili wangu peke yake, mtu hawezi kujua."

Tata alipangusa mikono kwenye aproni ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Ungesema tu hapana," alisema. "Hapana ningejua pa kuiweka." Baada ya kitambo akaongeza, bila kumwangalia, "Wakati huu wote ulikuwa unajificha kwa nyumba yangu. Mimi nilikuwa mtu wa kuogopwa hivyo?"

Jibu lilikuwa ndiyo na lilikuwa hapana, na lote lilikuwa upendo, na hakuona namna ya kulisema kwenye benchi la hospitali.

Alasiri mlango wa ukumbi ulifunguliwa na mwanamke mrefu akaingia akihema, leso kichwani, matope mekundu yamekauka kwenye viatu vyake vya shamba. Alimwuliza nesi kwa Kiswahili cha haraka, nesi akamwonyesha wodi. Akaingia. Alikaa huko dakika kama kumi. Alipotoka, alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi.

"Mimi ni mama ya Kajuju," alisema. "Nimetoka Chogoria na gari tatu. Mtoto yangu ananiambia aliacha dawa juu ya mtu alishuhudia kanisani. Ati huyo mtu ako hapa." Aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Ni nani kati yenu?"

Ngendo alimhisi Tata akivuta pumzi kubwa kando yake, ile ya kuanzisha wimbo, mkono ukishika ukingo wa benchi ili ainuke. Alimshika pindo la aproni akamrudisha chini. Kisha akasimama yeye. Watu wote wa ukumbini, hadi yule mzee wa chungwa, walikuwa wakisikiliza.

"Ni mimi, mama. Ukae kidogo nikuambie yote. Nikimaliza utaniambia unachotaka."

Mama Kajuju hakukaa. Basi Ngendo akaanza hivyohivyo, amesimama mbele yake, akaanzia kwenye tembe.